Kutia moteri ya umeme ku kinga yako, wewe mwenyewe, kwenu nyumbani: maswali yenye batu ba Lubumbashi banauliza kila siku

Tangu nitie moteri ku kinga ya mzee siwezi tena kusimama ku soko ya Kenya, komine ya hapa Lubumbashi, kununua unga bila mutu kuniuliza "leki, hii inakunywa mafuta gani?", halafu nyuma ya ile ya kwanza zinakuya ingine kumi, zile zile kila siku. Njo maana nimekaa nikaziandika zote, ukiniuliza tena nitakutumia tu hii. Siuzi kit (karto yenye gurudumu ya moteri na bintu byake), siuzi batri, mi ni mutu wa Katuba tu, hapa hapa Lubumbashi, mwenye anapenda kufungua bintu aone ndani kuna nini. Nimefanya kinga tatu mpaka sasa: ya mzee yenye imekuwa yangu, ya shemeji mwenye anauza mikate, na ya papa mmoja wa makala yenye tulishindwa nusu, nitaieleza kule chini juu ile njo ilinifundisha kupita zote.

Kwa bale benye banasoma kutoka mbali: kinga ni baiskeli, na kutosha ni kutoa.

Kinga yoyote inaweza kutiwa moteri?

Karibu zote, lakini kila kinga na kit yake, na hapa njo batu banapoteza pesa mbele hata ya kufungua karto. Mutu anasikia kinga yake ni ya inchi 28, anaona kit ku intaneti imeandikwa 28, anatuma pesa, anangoja wee, siku gurudumu inafika mupira wake hauingii. Juu ile 28 ya Phoenix na Hero, zile kinga nyeusi za ba papa zenye freni ya byuma, si 28 ya kit. Chuchumaa, pangusa udongo ku mbavu ya mupira usome namba ndogo. Ku Phoenix utakuta 40-635. Ya kit ni 622. Zile 635 na 622 ni milimita, kipenyo cha janti pale mupira unakaa, na ile tofauti ya milimita 13 hakuna mikono wala maji ya sabuni yenye itaifungia. VTT (kinga za mulima) za okazyo zenye zinatoka Bulaya, zile za 26, utasoma 559, na kit ya 26 nayo ni 559, hapo nunua ulale.

Shida ya pili ya Phoenix ni freni. Ile freni ya byuma inavuta kwenda juu na kushika janti kwa ndani, upande wenye mareyo (spoku) inaingia, na janti ya kit imetengenezwa kwa freni yenye inabana ku mbavu. Ukiziunganisha utakuwa na moteri muzuri sana na hauna freni. Sasa mutu mwerevu atasema, basi nitatosha moteri mu janti ya kit niifunge mu janti yangu ya zamani. Hesabu matundu kwanza. Moteri mingi iko na matundu 36, kinga za namna ya Kiingereza mara mingi ni 32 mbele na 40 nyuma. Mi nilihesabu mara tatu nikidhani nimekosea, nikamuita mutoto wa jirani ahesabu naye, akasema 32.

Ku ya mzee nilifanya hivi: nikachukua gurudumu ya kit nzima ya 622 pamoja na mupira wake nikaitia mbele, maana ni ndogo kuliko ya zamani kwa hiyo mu furushi (ile uma yenye inashika gurudumu ya mbele) inapita bila kugusa, halafu ku ile tundu ya furushi yenye gardibu (madigadi) ilikuwa imefungiwa nikafunga freni ya kamba yenye mikono mirefu. Nyuma sikugusa kitu, freni ya byuma ya nyuma iko pale pale tangu mzee akiwa kijana.

Nipime nini mbele ya kutuma pesa?

Namba ya mupira, nimesema. Upana kati ya masikio ya furushi kwa ndani: kit ya mbele inataka milimita 100, kinga za zamani mara mingi zinapungukia hapo kidogo, furushi ya chuma unaweza kuipanua pole pole na mikono, ya aluminium usiguse. Nyuma kit inataka 135. Upana wa ile njia ya ekseli nao pima: ekseli ya moteri imekatwa bapa pande mbili inabaki milimita 10, na njia ya mbele ya Phoenix ni kama 8, utapiga tupa. Na nafasi ya kutia batri pia pima, maana ku kadri (fremu) ya Phoenix kuko nafasi mingi katikati lakini ku VTT ndogo ya mwanamuke haiko.

Moteri itiwe mbele, nyuma, ao ku pedali?

Mbele ni rahisi, unatosha gurudumu moja unatia ingine, sheni haijui hata kama kuna kitu imebadilika. Ubaya wake mbele hakuna uzito, ukifika ku mchanga gurudumu inazunguka bure kama kuku mwenye anaparua. Na furushi iwe ya chuma, ya aluminium inaweza kupasuka ku masikio bila kukuambia, hapo sibishani na mutu. Nyuma inashika barabara vizuri hasa kama unabeba muzigo, lakini utahangaika na sheni. Ile ya mu pedali kama zile za Bafang inapitisha nguvu yake mu vitesi za kinga, kwa hiyo inapanda sana, ila inataka tundu ya pedali ya upana wa milimita 68 mpaka 73 na inakula sheni haraka. Lubumbashi ni tambarare, mulima wetu mukubwa ni ile terril nyeusi ya Gécamines, kilima ya takataka za kuyeyusha madini, na hakuna mwenye anaipanda na kinga, kwa hiyo moteri ya mu gurudumu inatosha kabisa.

Wati ngapi?

Bulaya sheria yao inasimama ku wati 250 na kilomita 25 kwa saa. Mutu akikuambia 250 ni ya batoto, mukumbushe kwamba mutu wa kawaida akipedali safari nzima anatoa kama wati 100, kwa hiyo 250 ni kama umepata batu babili na nusu benye banakusukuma bila kuomba hata kikombe ya maji. Kwa kuenda kazi mi naona 250 ao 350 ni sawa. Kama unabeba mikate, mikungu ya ndizi, mama na mutoto, basi 500. Kupita hapo, ile kadri na ile freni hazikutengenezwa kwa kazi hiyo, na kama unataka moto (pikipiki) nunua moto.

Kuna pia tofauti ya ndani. Moteri ndogo, nyepesi ya kilo 2 mpaka 4, iko na gia ndani, mara mingi za nailoni, inaondoka na nguvu lakini haipendi kuteswa. Ile kubwa ya kilo 5 ao zaidi haina gia, ni sumaku na waya tupu, haina kitu ya kuvunjika lakini ikikosa batri unasukuma chuma.

Batri ikijaa naenda kilomita ngapi?

Hapa acha kusoma kilomita zenye banaandika ku tangazo, fanya hesabu yako. Zidisha volti na ampea-saa, unapata wati-saa, ile njo tanki. 36 mara 10 ni wati-saa 360. 48 mara 13 ni 624. Sasa kinga yenye mwenye nayo anapedali pia inakula kama wati-saa 10 mpaka 15 kwa kilomita, na muzigo ao bila kupedali inaenda 20 na kupita.

Mufano wa hapa kwetu: Kipushi, kama kilomita 30 kuenda, 60 kuenda na kurudi. Na ile batri ya 360, ukikula 12 kwa kilomita, unafika Kipushi batri inakufa, utarudi na miguu yako pamoja na kilo za moteri juu. Na ya 624 utafika Kipushi, utarudi, na utakwama kama kilomita 8 mbele ya nyumbani, ile ilinifikia mi mwenyewe saa kumi na mbili jioni na wingu ya mvua nyuma yangu. Siku ya pili nilipunguza tu mwendo, kutoka 32 kurudi 22, na nikafika na akiba. Upepo njo unakula batri: ukizidisha mwendo mara mbili, upepo unakusukuma nyuma mara 4.

Batri za plombu (risasi) si ni rahisi kupata?

Ni rahisi, ziko kila kona, na nitakuambia kwa nini usitie. Nne za volti 12 na ampea-saa 12 zinafika karibu kilo 16, na plombu ukiitosha kupita nusu kila siku inakufa haraka, kwa hiyo unabeba kilo 16 ya kutumia kilo 8. Mbele ya miaka mingi kuisha utakuwa umenunua mara mbili.

Batri yenye cobalt yetu iko ndani njo nzuri kupita?

Hii swali naipenda, juu ni ya hapa. Batri za lityumu za kinga ni namna mbili kubwa. Moja iko na nikeli, manganizi na cobalt, na cobalt mingi ya dunia inatoka kwetu, upande wa Kolwezi na kandokando. Ile ingine iko na chuma na fosfati, haina hata punje ya cobalt. Ya cobalt ni nyepesi kwa nguvu ile ile, ya fosfati ni nzito kidogo lakini inavumilia moto vizuri, inajazwa mara mingi sana mbele ya kuchoka. Mi ku kinga ya mzee nilitia ya cobalt juu njo nilipata, lakini ya shemeji mwenye anailalisha mu nyumba na batoto nilimulazimisha achukue ya fosfati, na cobalt ya Kolwezi ihurumie. Hata hivyo Katanga iko ndani tu, waya zote za moteri ni kuivre (shaba).

Kitu kubwa: shajeri zao hazibadilishani. Ya cobalt ya volti 48 ikijaa inasimama ku 54.6. Ya fosfati yenye seli 16 inasimama ku 58.4. Ukiazima shajeri ya jirani juu tundu imeingia, utakuwa umeijaza kupita kiasi, na kizuizi ya ndani ya batri njo tu inabaki kati yako na moto.

Naweza kutengeneza batri yangu na seli za ordinateri (kompyuta) zenye zimekufa?

Unaweza. Sikushauri kama ni kazi yako ya kwanza.

Zile seli za duara, milimita 18 kwa 65, ukifungua batri ya ordinateri utakuta 6 ao 8. Kwa volti 48 unahitaji 13 mu mustari, na kila kituo mu mustari seli 5 ao zaidi pembeni, kwa hiyo hapo ni 65, zote zimepimwa moja moja, zimejazwa, zimelazwa wiki mbili kuona yenye inashuka yenyewe, halafu zimepangwa zenye zinafanana. Seli moja muvivu inaua zingine. Na usiziunge na risasi ya kuyeyusha moja kwa moja, joto inaziharibu, kuna mashini ya kupiga pointi na ukanda wa nikeli. Halafu ile kadi ya kulinda, yenye banaita BMS, bila hiyo usijaribu hata kwa dakika tano.

Na ukiona seli mupya imeandikwa mAh 9900 (elfu moja ni ampea-saa moja), ile ni bongo (uongo) mweupe. Za kweli za kipimo hiki zinacheza kati ya 2000 na 3500 hivi. Piga mizani, ya kweli ina gramu 45 na kitu, zile za bongo zingine ni nyepesi kama chaki.

Kufunga yenyewe inakuwa namna gani?

Siku moja, kama ulipima. Siku tatu kama haukupima.

Geuza kinga miguu juu. Tosha gurudumu ya zamani, tia ya moteri, na angalia mambo mawili mbele ya kukaza: ekseli imeingia mpaka mwisho wa njia yake, na waya inatoka ikiangalia chini, ndiyo maji yasiifuate kuingia mu moteri. Kama njia ni nyembamba piga tupa pande zote mbili sawasawa, jaribu, piga tena, jaribu. Usipige mpaka ekseli icheze. Inatakiwa iingie kwa kubishana.

Sasa kile kipande ya chuma yenye batu banaona ni urembo. Moteri inasukuma gurudumu mbele, na ekseli nayo inataka kuzunguka nyuma kwa nguvu ile ile, na kitu yenye inaizuia ni zile milimita chache za masikio. Kit mingi inakuya na kipande bapa yenye tundu ya milimita 10, unavalisha ekseli, upande wa pili unafunga ku mukono wa furushi. Mi sikutia. Nilikaza ekuru (nati) na funguo 18, nikasema inatosha. Siku ya tano, barabara ya Kasapa, nimesimama kupisha basi, napiga gazi kuondoka, nasikia "kraak" moja kavu, gurudumu imelala ya upande, ekseli imejizungusha mara mbili na imevuta waya zote nane kutoka ndani kama utumbo wa samaki. Moteri nzima, wiki nzima ya kuiunganisha, kwa chuma ya kidole mbili. Jirani fundi wa milango alinikatia kingine mu sahani ya milimita 5, mpaka leo hakijacheza. Sasa natia viwili, kila upande.

Baki ni waya. Nene tatu, njano, kijani na bluu, zinaenda kontrola, ile boksi yenye inapima umeme wa kuingia mu moteri, rangi na rangi. Nyembamba tano ni za kapteri za ndani, zenye zinaambia kontrola moteri imezunguka mpaka wapi. Kontrola uitie pahali upepo unapita, si mu sachet ya plastiki imefungwa, inapata joto. Kati ya batri na kontrola waya iwe ya milimita 4 za mraba, ile ya pano ya jua (sola) ni muzuri sana, si ile ya taa ya nyumba, na fuzibo (fyuzi) ya ampea 30 karibu kabisa na batri. Mara ya kwanza ukichomeka utaona cheche na kusikia "pa", usiruke, ni kontrola inajaza kondensateri zake. Ila kama cheche inaendelea, tosha haraka.

Sasa ya papa wa makala

Hii si swali lakini kila mutu anauliza, juu banaona ba papa banasukuma kinga na magunia mpaka kichwa haionekane, banafikiri hawa njo benye banahitaji moteri kupita bote. Mi pia nilifikiri vile. Tulitia ya wati 500, yenye gia, nyuma. Na magunia mawili ilienda kama maji. Akafurahi, wiki ya pili akapandisha magunia manne. Kupanda pole pole na uzito ule moteri haizunguki haraka, inakula ampea mingi na inageuza nyingi kuwa joto, nilipoigusa siku ile iliunguza kidole. Gia za nailoni zikakatika meno. Lakini ile haikunitisha. Yenye ilinitisha ni kushuka: bila moteri papa alikuwa anashuka kwa miguu, anaegemea kinga na mwili wake, anaifunga mwendo. Na moteri alianza kupanda juu na kushuka akikaa, na freni ni vipande viwili vya mupira ku chuma yenye maji. Alisimama mu ukuta wa mutu. Mutu hakuumia, ukuta uliumia.

Tulibadilisha gia, tukapunguza ampea za kontrola, tukaongeza freni ya disque nyuma, na tukakubaliana magunia mawili. Anasema mawili na safari mbili kwa siku ni sawa na manne. Siku zingine namuona na matatu, ananipungia mukono.

Freni ya kawaida inatosha kama sibebi kitu?

Kama iko muzima. VTT yenye freni ya kamba na vipande vipya, ndiyo. Phoenix wakati wa mvua, hapana, angalau moja ubadilishe. Kit inakuya na mikono ya freni yenye inakata moteri ukiigusa tu, itie hata kama ile yako ni nzuri, siku gazi itakwama utaelewa.

Delestaji (kukatwa kwa umeme) je? Umeme kwetu unakuya usiku wa manane.

Shajeri ya kawaida ni ampea 2. Batri ya 13 inataka saa 7 hivi. Umeme ukikuya saa tano usiku na kuenda saa kumi na moja asubuhi, unapata saa 6, karibu imejaa, kazini unafika. Na haikuli mingi, kuijaza yote ni kama balbu ya wati 60 kuwaka saa 12. Shida ya kweli si kukosa umeme ni umeme mubaya: volti inashuka mpaka taa inakuwa nyekundu, halafu inarudi na kishindo. Tia regilateri ya nyumba mbele ya shajeri, ile ile ya frigo. Na geuza shajeri uangalie nyuma, zingine ziko na kadude kekundu ya kusogeza 115 ao 230. Ikiwa ku 115 na ukaichomeka kwetu, itawaka mara moja tu mu maisha yake.

Na pano ya jua?

Inawezekana, lakini hesabu. Shajeri ile inavuta kama wati 130 ku konvertiseri, ile yenye inageuza umeme wa batri kuwa wa nyumba. Batri ya nyumba ya plombu ya 12V na 100Ah ina wati-saa 1200, na ya kutumia kwa busara ni 600, kwa hiyo kinga inamaliza yote na nyumba inalala giza. Kama una pano mchana na kinga inakaa nyumbani mchana, sawa, jaza jua ikiwa juu. Pano moja ya 12V moja kwa moja ku batri ya 48 haifanyi kitu, inatoa volti 20 na kitu tu, unahitaji kontrola ingine, ya jua, yenye inapandisha volti na yenye umeipanga ku 54.6.

Mvua?

Kutoka Novemba mpaka Aprili utaikuta, hakuna kukimbia. Matone si shida. Mutaro wenye umejaa mpaka ekseli ni shida, shuka usukume, maji yakiingia mu moteri yanakaa humo na kula kutu. Waya zote zitengeneze tumbo kidogo kuenda chini mbele ya kuingia mahali, maji yadondoke pale. Usioshe na karcher (mashini ya maji ya nguvu).

Inaweza kuwaka moto?

Ndiyo. Mara mingi si barabarani, ni nyumbani ikijazwa, na batri yenye ilianguka, yenye iliingia maji, ao shajeri ya kuazima. Usijazie chini ya kitanda, usijazie ku matela ya muse (godoro ya sponji), na usijazie mu korido ya mulango, juu ikiwaka njo njia yako ya kutokea. Simenti tupu, mbali na pazia. Ikianza kuvimba, kunuka tamu tamu kama dawa ya kucha, kutoa moshi mweupe: kata umeme, toa batu nje kwanza, moshi wake ni sumu. Mchanga unazuia moto usitembee lakini haupozi seli, maji mengi njo yanapoza, ukishakata umeme. Na hata ikizima iache nje mpaka kesho yake, inaweza kuamka.

Volti 48 itanikamata?

Ku ngozi kavu hautasikia kitu. Lakini tosha pete na saa ya chuma. Funguo ikigusa pande zote mbili za batri inayeyuka mbele ya macho, na pete iko ku kidole.

Ikishuka mulima inajijaza yenyewe?

Zile za gia hapana, ndani kuna kitu yenye inaachia kama ruu-libre, ile ya nyuma yenye inaacha gurudumu izunguke ukiacha kupedali. Zile kubwa bila gia zinaweza, na kontrola yake. Kwa mji tambarare kama wetu utarudisha kidogo sana, usilipie hiyo.

Inazima nikipanda, nikiizima na kuiwasha inarudi. Kwa nini?

Batri imechoka ao ni ndogo. Ukiivuta sana volti inashuka, ile BMS inaona hatari inakata, ukipumzika inapanda tena. Pima na multimetri ukiwa unavuta, si ikiwa imelala, ikilala kila batri inasema uongo muzuri.

Moteri inatetemeka haizunguki.

Waya moja ya kapteri imelegea, ao rangi zimekosana. Chomoa, angalia mapini yenye yamepinda, chomeka. Kesi mingi zinaisha hapo.

Kit napata wapi, na itafika namna gani?

Mingi inatoka China kwa meli mpaka Dar es Salaam, halafu barabara, Zambia, mupaka wa Kasumbalesa. Ni polepole. Gurudumu na kontrola mutu anaweza kukubebea na ndege. Batri hapana, mu valizi ya abiria ruhusa inasimama ku wati-saa 160, na hiyo ni kwa kuomba kampani ya ndege, na yako ni 360 kwa uchache. Usimtume dada ya mutu na batri mu sanduku bila kumwambia. Pesa nayo panga hivi: batri peke yake inaweza kukula nusu ya zote, kwa hiyo ukiona kit yenye batri iko karibu bure, jiulize batri gani.

Mzee alisema nini?

Alizunguka kinga mara mbili, akagusa moteri, akauliza ni kilo ngapi. Halafu akauliza kama pedali bado zinafanya kazi. Nikasema ndiyo. Akapanda, akaenda mpaka ku kona bila kugusa gazi hata kidogo, akarudi, akasema inavuta upande wa kushoto. Kweli ilikuwa inavuta, gurudumu haikuwa katikati, milimita mbili. Nililegeza ekuru nikairudisha.

Unaweza kunifanyia yangu?

Siku ya posho (Jumamosi) mchana niko nyumbani. Kuya na kinga yenyewe, imepanguswa, na namba ya mupira ku karatasi. Ukikuya na karto yenye imeshafika na haukupima, kuya na subira pia.